Kisanduku Kina Kufuli Tatu, Simu ya Duka Ina Ngapi?

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Tarime juu ya ulinzi wa biashara ndogo katika zama za simu na kompyuta



Katika vijiji vya Tarime, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, vikundi vya kuweka na kukopa hutunza fedha zao katika kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Mwenye kutunza kisanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana kisanduku. Hakifunguliwi ila mbele ya mkutano, na kila shilingi iingiayo au itokayo hutajwa kwa sauti na kuandikwa. Waliouweka utaratibu huo hawakudhani kwamba jirani zao ni wezi. Walijua kwamba uaminifu nao huhitaji kulindwa, na kwamba si haki kumwacha mtu mwema peke yake na fedha za wenzake.

Basi yafaa kuuliza: mwanachama huyo huyo anaporudi dukani kwake, iwe Sirari, Nyamongo au mjini Tarime, simu iliyobeba mtaji wake wote ina kufuli ngapi? Aghalabu ina moja tu, nayo ni tarakimu chache za namba ya siri. Tarakimu hizo zinajulikana kwa mume, kwa mke na kwa binti anayeuza dukani. Na mara nyingine zimeandikwa kwa wino nyuma ya daftari la wadeni, mahali ambapo kila mteja aweza kuzisoma.

MTAJI UMEHAMIA NDANI YA SIMU

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata, 2008, ikaingia Tanzania. Manufaa yake hayana ubishi. Mfanyabiashara wa mahindi au wa kahawa aliyezoea kusafiri na noti kiunoni, akihofia majambazi njiani, leo huvuka vilima vya Tarime mikono mitupu. Mzazi aliye mbali hulipa mahitaji ya mwanawe bila kupanda basi. Hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri wananchi warudi kwenye kufukia fedha chini ya kitanda.

Lakini fedha zikihama, mwizi naye huhama. Na fedha zinazozungumzwa hapa si za matajiri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo wa namna hiyo ukifika mikononi mwa kikundi, haukawii kuingia katika simu ya mmoja wao. Wapo pia walimu na makarani wenye kibanda cha uwakala kinachoendeshwa na mdogo wake mtu au na mpwa, na wapo wastaafu waliotia kiinua mgongo chao humo. Kwa hiyo jambo hili halihusu watu wa mbali. Limo ndani ya nyumba za watumishi wenyewe.

MWIZI HABOMOI MLANGO

Wengi wakisikia habari za uhalifu wa mitandao humwazia mtaalamu aliyejifungia chumbani, akivunja mitambo kwa hesabu ngumu. Katika biashara ndogo mambo huwa mepesi zaidi. Mwizi habomoi mlango, bali hubisha hodi na kufunguliwa.

Mbinu ya kwanza inajulikana nchi nzima: ujumbe unaosema fedha zile zitumwe kwenye namba hii. Mwandishi wake hamjui anayemwandikia. Hutuma kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja wao yupo katika kungoja maelekezo kama hayo kutoka kwa mwenye nyumba au kwa muuza bidhaa. Mbinu ya pili ni ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa kampuni, ukidai kwamba fedha zimeingia. Kisha mtu hupiga simu kwa kilio kwamba amekosea namba na mtoto wake yuko hospitali, arudishiwe. Muuzaji mwenye huruma hurudisha fedha ambazo hazikuingia kamwe. Mbinu ya tatu ni sauti ya mtu anayejiita ofisa wa kampuni ya simu. Humwamuru wakala abonyeze tarakimu fulani ili laini yake isifungwe, na kumbe tarakimu hizo ni amri ya kuhamisha fedha.

Mbinu zote tatu zimejengwa juu ya mambo mawili: haraka na hofu. Mwizi anajua kwamba mtu akipewa dakika tano za kufikiri, mbinu itakufa. Ndiyo maana hampi hata moja.

Na uchukuliwe mfano wa binti wa miaka 19 anayeuza katika kibanda cha mpakani. Foleni ni ndefu, wateja wanazungumza kwa shilingi za nchi mbili, na simu inalia. Ndani ya dakika chache mtaji umekwenda. Jioni mwenye kibanda hamtafuti mwizi, kwa kuwa hamjui, humshika binti. Mshahara wake hukatwa kwa miezi, au hufukuzwa akiwa na jina la mwizi katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Huenda kweli alidanganywa. Huenda pia alishirikiana na mwizi. Pasipo daftari na pasipo utaratibu, hakuna awezaye kujua, na asiye na hatia hana la kujitetea. Hasara ya fedha huweza kufidiwa, lakini jina lililochafuka halirudishwi na kampuni yoyote.

HATA BENKI KUU HUIBIWA

Asidhani mtu kwamba udhaifu huu ni wa wananchi wasiosoma. Mwezi Februari 2016 wezi walijipenyeza katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma amri za kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa haikupatikana tena. Malipo mengine ya dola milioni 20 yaliyoelekea Sri Lanka yalizuiwa kwa sababu neno moja katika jina la mpokeaji lilikuwa limekosewa herufi, na mtumishi wa benki akasita, akauliza. Macho ya mtu aliyesoma kwa makini yaliokoa mamilioni ambayo mitambo ilikuwa tayari kuyapitisha. Ikiwa kusita kulifaa huko, kutafaa pia katika kibanda cha Sirari.

KOMPYUTA YA STESHENARI

Lipo jambo jingine linalowagusa walimu moja kwa moja. Mwalimu hupeleka mtihani wa muhula katika duka la steshenari ili uchapwe, akiwa na flashi mfukoni. Flashi hiyo imepita katika kompyuta nyingi na huenda imebeba virusi. Ikichomekwa, huambukiza au huambukizwa. Kisha mwalimu huondoka na karatasi zake, na nakala ya mtihani hubaki katika kompyuta ya duka, pamoja na vyeti vya waombaji wa kazi na nakala za vitambulisho vya taifa vya watu wengi. Mwenye duka hana nia mbaya, ila amekuwa mtunza siri za mji mzima bila kujua.

Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo kufuta nyaraka za mteja baada ya kazi kumalizika si hisani tena. Mwalimu naye asiondoke dukani kabla hajaona mtihani wake umefutwa, pamoja na nakala iliyomo katika kapu la takataka la kompyuta.

Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga majalada ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Dawa yake ilikuwa imetolewa na kampuni ya Microsoft miezi miwili kabla. Walioathirika wengi walikuwa hawajaitumia. Mwenye steshenari anayekataa kompyuta yake isijisasishe ili asipoteze bando afikirie jambo hilo, na kila wiki anakili kazi zake katika diski ya pembeni inayohifadhiwa nyumbani, isiyoachwa imechomekwa.

KUFULI TATU ZA DUKA

Kufuli ya kwanza ni kugawa mtaji. Simu ya biashara isiwe simu ya nyumbani, na ndani yake zibaki fedha za kutosha kazi ya siku. Zilizozidi zikae benki. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, na ibadilishwe siku ile ile msaidizi anapoacha kazi. Mwenye laini abonyeze *106# ili aone kama kuna laini ngeni zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kufuli ya pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtaji wa wakala una sehemu mbili, noti zilizomo kwenye droo na floti iliyomo kwenye simu. Mteja akiweka fedha, noti huongezeka na floti hupungua. Akitoa, huwa kinyume chake. Ukiiacha kamisheni, jumla ya sehemu hizo mbili haibadiliki. Basi asubuhi na jioni watu wawili wahesabu, wajumlishe na watie saini. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, nayo humlinda binti wa dukani kuliko kiapo chochote.

Kufuli ya tatu ni kusita. Bidhaa isitoke dukani kwa kuonyeshwa ujumbe. Muuzaji aangalie salio mwenyewe. Namba ya malipo ikibadilika, mpokeaji apigiwe kwa namba yake ya zamani na asikike kwa sauti. Anayetaka namba ya siri, awe nani, asipewe. Hasara ikitokea, kampuni ya simu iarifiwe papo hapo, taarifa ifikishwe polisi, na namba ya tapeli itumwe 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawatambua matapeli hawa kuwa wahalifu, lakini sheria haiwezi kumshika mtu ambaye hakuripotiwa kwa sababu ya aibu.

WAJIBU WA WASOMI

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Mwalimu aliyejifunza kukitumia chake anaweza kuwakusanya wenye maduka wa kijijini jioni moja kwa mwezi, akawaeleza haya kwa Kiswahili chepesi. Ofisa maendeleo ya jamii anayekabidhi mkopo kwa kikundi anaweza kutenga saa moja ya kuuliza: nani atashika simu, na nani atashika daftari?

Lakini mafundisho hayo yatakuwa ya kinafiki ikiwa wasomi wenyewe hawajajirekebisha. Wapo watumishi wanaowapa vijana wa mazoezi maneno yao ya siri ya mifumo ya Serikali ili wafanyiwe kazi. Wapo wanaokopa kwa programu za simu zisizo na leseni, zile ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha yake ya 69 mwezi Novemba 2024, na kuziruhusu zisome majina yote yaliyomo katika simu zao. Mtumishi wa namna hiyo hana haki ya kumcheka mama muuza duka aliyetapeliwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitanguliza watu kabla ya fedha. Katika jambo hili pia, kinachokosekana si mtambo wa bei kubwa, kwa sababu daftari, kalamu na mtu wa pili vinapatikana katika kila kijiji cha Tarime. Wananchi walikwisha kuvumbua kufuli tatu kwa akili zao wenyewe. Kilichobaki ni kuzichukua kutoka kwenye kisanduku na kuziweka kwenye simu, kabla binti mwingine hajaitwa mwizi kwa kosa ambalo hakulitenda.