Utando Mwembamba Unaosafisha Maji

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wa miradi ya maji

Tumeombwa tueleze kwa lugha nyepesi jambo linalotajwa mara kwa mara katika maombi ya miradi ya maji: utando mwembamba wa protini au wa chembe ndogo za madini, unaowekwa juu ya mchanga au udongo wa kufinyangia ili maji yanayopita hapo yatoke salama zaidi. Tutaeleza pia mahali tulipokosea sisi wenyewe.

Tuanze na mti tunaoujua sote, mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Asili yake ni kaskazini mwa India, lakini kwetu umekuwa mwenyeji wa siku nyingi. Huko Sudan, wanawake wa vijiji vya kando ya Nile walizoea kusaga mbegu zake na kuzikoroga katika maji ya tope. Baada ya muda tope huzama chini na maji juu hubaki meupe. Sababu yake ni hii: ndani ya mbegu mna protini yenye chaji chanya ya umeme, na chembe za tope pamoja na bakteria wengi wana chaji hasi. Hivyo hushikana, huwa mabonge mazito na kuzama. Zaidi ya hayo, protini hiyo huharibu utando wa nje wa bakteria.

Lakini kuna kasoro. Mabaki mengine ya mbegu hubaki ndani ya maji, nayo huwa chakula cha bakteria waliosalia. Maji yaliyosafishwa asubuhi yakikaa siku nzima au zaidi, wadudu huongezeka tena. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walichapisha njia ya kuepuka tatizo hili. Walichanganya mchanga na maji ya mbegu za mlonge. Mchanga nao una chaji hasi, kwa hiyo protini iliganda juu ya kila punje. Kisha waliusuuza mchanga, mabaki yakaondoka na protini ikabaki. Ni mchanga uleule wa kawaida, ila sasa umevikwa koti linaloua na kunasa bakteria.

Njia ya pili ni chungu cha kuchujia. Kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na mtaalamu Fernando Mazariegos, na baadaye mafundi wa nchi nyingi walijifunza kukitengeneza. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga. Chungu kikichomwa, pumba huungua na kuacha vitundu vidogo sana. Baada ya hapo hupakwa maji yenye chembe za madini ya fedha. Chembe hizi hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni 1. Fedha hiyo huachilia kidogo kidogo ayoni zinazodhuru bakteria. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa fedha hadi miligramu 0.1 katika lita ya maji ya kunywa inaweza kuvumilika bila madhara.

Hata hapa protini ina kazi yake. Chembe za fedha zikiachwa peke yake hugandamana na kupoteza nguvu. Kwa hiyo unga wa fedha unaotumika katika baadhi ya vyungu huwa umechanganywa na protini inayozizunguka chembe hizo na kuzitenganisha.

Ndugu zetu, hiyo ndiyo sayansi yake. Sasa tuseme yaliyotupata.

Tuligawa vyungu vya namna hiyo kwa furaha kubwa, tukapiga picha, tukaandika taarifa. Tuliporudi kuvitembelea, mama mmoja alituonyesha chungu chake kinang'aa. Alikuwa akikisugua kwa sabuni na chuma cha kusugulia sufuria, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa hutumika brashi laini na maji safi tu. Nyumba ya pili koki ya ndoo ilikuwa imevunjika, na maji yaliyochujwa yalichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Nyumba ya tatu chungu kilikuwa na ufa, nacho kilihifadhia maharage. Akina mama hawa hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la kununua na fungu la siku ya uzinduzi. Haikuwa na koki za akiba wala nauli ya mtu wa kuwatembelea.

Jambo jingine ambalo kamati ni lazima zijue ni mipaka ya vifaa hivi. Chungu chenye fedha huondoa bakteria vizuri, lakini virusi vidogo vinaweza kupenya. Wala hakiondoi floridi, ambayo katika ukanda wa Bonde la Ufa, kama maeneo yanayozunguka Mlima Meru, huharibu meno na mifupa ya watoto. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, alitengeneza chujio la mchanga na malighafi za nano linaloweza kulinganishwa na uchafu wa mahali husika. Funzo ni kwamba maji hupimwa kwanza, ndipo chujio huchaguliwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kila ombi la mradi lije na majibu ya kupima maji. Kila chungu kiende na ndoo yenye mfuniko na koki, na koki nyingine ya akiba. Kila kijiji kiwe na mtu anayelipwa nauli kuzitembelea nyumba. Na maji yapimwe tena baada ya miezi sita, yakiwa ndani ya ndoo ya nyumbani. Kuhusu mchanga wa mlonge, tuendelee kufuatilia utafiti, lakini tusiugawe bado kwa familia.

Wafadhili wetu, tunajua maana ya maneno haya. Kwa kiasi kilekile cha pesa, idadi ya nyumba katika taarifa ijayo itapungua. Tunaomba mtukubalie. Tungependa kuwaletea orodha fupi ya nyumba ambazo watoto wanakunywa maji salama, kuliko orodha ndefu ya vyungu vya maharage.