Jana Tulinunua Nini?

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia

Wengine wenu mmetoka mbali na kuacha ng'ombe hawajakamuliwa, kwa hivyo hatutawachosha na hotuba ndefu. Tutawaeleza jambo tulilojaribu na wenzetu wa Kibera na Kawangware kule Nairobi. Tutasema palipoenda vizuri na palipotuaibisha. Aibu ilikuwepo, mtasikia.

Siku ya kwanza tulikaa katika chumba cha mabati huko Gatwekera, ndani ya Kibera, watu kama ishirini hivi. Chama chao kilikuwa kimelala. Mchango ulikuwa shilingi 100 kwa wiki na hata hiyo ilishindikana. Kila aliyeulizwa alisema hana pesa. Basi tukauliza swali moja tu: jana tulinunua nini? Hatukusema "mlinunua". Tulisema "tulinunua", kwani hata sisi tulikuwa na mifuko.

Kimya. Halafu mmoja akataja unga. Mwingine makaa, mwingine maji, mwingine sukuma wiki. Vitu vya lazima vilitoka upesi kama wanafunzi wanaotaja majibu wanayoyajua. Kisha mama mmoja akakohoa akasema, "Na kiatu cha Toi. Lakini kilikuwa bei rahisi." Wote wakacheka, maana kila mmoja alikuwa na kiatu chake. Salio la simu. Soda mbili. Chips za jioni kwa sababu mvua ilinyesha na jiko halikuwaka. Kikombe chenye maua ilhali nyumbani viko sita. Na kila kitu kilikuwa bei rahisi. Neno hilo tulilisikia mpaka tukalichoka.

Nyinyi mnaokaa kijijini mtauliza: mtu wa Kibera ana anasa gani ya kuacha? Ni swali la haki, nasi tulijiuliza. Kule mtu hanunui gunia. Hununua kidogo kidogo, ndiyo sababu wenyewe wanaita kadogo. Mafuta ya kupika hupimwa kwa kikombe, sukari hufungwa katika vikaratasi, majani ya chai ni ya birika moja, sabuni hukatwa kipande. Si ujinga. Mtu hulipwa kwa siku. Baba yuko mjengoni, akikosa kibarua leo hakuna kitu. Mama wa Kawangware hutembea asubuhi mpaka Lavington, akae kando ya barabara kungoja mtu wa kumwita kufua nguo. Pesa inayoingia jioni hutoka jioni hiyo hiyo. Lakini jumlisheni vile vipimo vya mafuta mpaka vifike lita, mtaona kwamba mnunuzi mdogo amelipa zaidi ya yule wa kutoka na gari.

Basi kadogo ni mzigo ambao mtu amebebeshwa. Hatukwenda kumlaumu. Tulichotaka kujua ni kile kingine kinachopita katikati ya vipimo vile, kile cha "bei rahisi".

Na vishawishi viko mlangoni. Soko la Toi limepakana na Kibera. Kawangware nayo barabara yote ni soko, kila hatua kuna gunia limetandikwa chini na nguo juu yake. Mitumba iliingia nchini kwa wingi tangu miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Nguo za kutupwa za Ulaya na Marekani zikawa rahisi kuliko kitambaa chetu. Viwanda vikaumia. KICOMI ya Kisumu ilifungwa, na Rivatex ya Eldoret pia ilifungwa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Wachuuzi wanajua kazi yao. Robota likifunguliwa asubuhi, nguo bora huitwa kamera na bei yake iko juu. Zile za mwisho huitwa fagia. Hapo kwenye fagia ndipo pesa zetu hupotelea, kwa sababu shilingi 20 au 50 haionekani kama pesa. Shilingi 50 kila siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Tulipoiandika hesabu hiyo ubaoni mzee mmoja alivua kofia.

Halafu kuna simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007 na imetusaidia sana, hakuna anayebisha. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, mkopo wa simuni, na ada yake wakati huo ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Unakopa 1,000 unarudisha 1,075. Sioni shida, mtu husema, ni shilingi 75 tu. Lakini ukikopa hiyo hiyo kila mwezi mwaka mzima, umelipa 900 za ada na bado elfu si yako. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukuwezesha kulipa hata salio likiwa halitoshi. Mtu akikopa kwa ajili ya mtoto mgonjwa, tutasema nini? Sisi tulikuta watu waliokopa kununua kikombe chenye maua.

Kwaresima ilikuwa karibu, na watu wa jumuiya ndogo ndogo wamezoea kufunga siku arobaini. Tukasema, safari hii tufunge kununua. (Wala si sisi tuliobuni. Huko Kanada watu walianzisha siku moja ya kutonunua kitu mwaka 1992, ingawa ya kwao ni kwa watu ambao kabati zimejaa.) Tukaandika orodha ya vinavyoruhusiwa: chakula, maji, makaa, kodi ya nyumba, dawa, shule, nauli ya kazini. Kila mtu akapewa daftari. Ukitamani kitu nje ya orodha, usinunue. Kiandike pamoja na bei yake. Basi.

Wiki ya kwanza haikwisha vizuri. Huko Kawangware, upande wa Gatina, mama mmoja mwanachama alisimama katikati ya mkutano. Yeye huuza chapati na nguo za watoto. Alisema, "Mwalimu, nyinyi mnalipwa mwisho wa mwezi. Mimi nalipwa na hawa. Hawa wakiacha kununua, watoto wangu watakula daftari?"

Jameni, hatukuwa na jibu. Orodha ile tuliiandika ofisini, sisi wawili, juu ya chai. Tulisahau kwamba pale mtaani mnunuzi na muuzaji ni mtu mmoja. Soko la Toi lilipochomwa mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, hazikuungua nguo tu. Ziliungua karo na kodi za nyumba za watu wa Kibera, na watu hao hao wakalijenga upya. Unawezaje kuja na karatasi kuwaambia wasinunuliane?

Tukaikunja orodha yetu. Kikundi kikakaa chenyewe, nasi tukanyamaza, jambo ambalo kwa watu wa kazi yetu ni gumu kuliko kufunga chakula. Wale mliopitia mafunzo ya DELTA mnajua tunachosema. Walizungumza hadi giza likaingia. Walikubaliana kwamba kila mtu, kabla ya kutoa pesa, ajiulize pesa hiyo inakwenda kwa nani, na kama angenunua kitu hicho iwapo hakuna mtu wa kumwona nacho. Chapati ya jirani ikaruhusiwa. Nguo ya mtoto ikaruhusiwa kama ile ya zamani imembana kweli. Kununua kwa deni la simu kukakatazwa kabisa, ila kwa ugonjwa.

Hata hapo hawakumaliza ubishi. Kulikuwa na msichana aliyekuwa ameitwa kuhojiwa kazi ya dukani, naye alitaka kusuka nywele. Je, ni lazima au si lazima? Wanaume walisema si lazima. Wanawake wakawauliza kama wao wangeajiri mtu ambaye kichwa chake hakijashikwa. Saa nzima! Mwishoni mwanachama mmoja ambaye ni msusi alimsuka, na msichana akaahidi kulipa akipata kazi. Sisi tunaona waliamua vyema. Nywele zile zilikuwa nauli ya kazini, ila hazikuwa kwenye orodha yetu.

Sasa ile aibu. Wiki ya tatu walituambia, "Na nyinyi someni yenu." Tulikuwa tumechukua madaftari kama wengine, lakini hatukutarajia kuulizwa. Mstari wa kwanza wa daftari letu ulikuwa simu, iliyochukuliwa kwa malipo ya pole pole, na ile ya zamani ilikuwa ikifanya kazi. Kilichoharibika ni kioo tu. Walicheka mpaka machozi. Mama mmoja akatuuliza kwa upole, "Na mlitaka nani awaone nayo?" Tulikuwa tumetumia swali lao wenyewe kuwafundisha wiki mbili nzima, na sasa limeturudia. Tangu siku hiyo walituamini zaidi, nasi tuliirudisha simu, ingawa malipo ya kwanza hatukurudishiwa.

Mwisho wa siku arobaini hatukupata utajiri. Wengine walibaki na shilingi 600, wengine 2,000, wengine hawakubaki na chochote kwa sababu hawakuwa na cha kuacha, na hilo nalo tulilijua kutokana na madaftari. Mtu ambaye daftari lake la tamaa ni tupu na bado analala njaa, huyo hahitaji mafundisho ya kubana matumizi. Anahitaji kazi. Mwanaume mmoja aliacha kikundi. Mke wake alikuwa ameandika mikeka yake ya kubeti, siku baada ya siku, na jumla yake ilipita kodi ya nyumba. Bado hatujui kama tulimsaidia yule mama au tulimwongezea ugomvi nyumbani. Tunamtembelea.

Kitu kimoja kilibaki. Wanachama kumi na wanane walichanga wakaenda Nyamakima, wakanunua gunia la maharagwe la kilo 90, wakagawana kilo tano tano. Mara ya pili panya waliingia. Mara ya tatu mmoja alichukua mgao wake na wa mwenzake, pakawa na kelele. Sasa gunia hukaa kwa yule mama wa chapati, kwani nyumba yake ina sakafu ya saruji, naye huchukua kilo moja ya ziada kwa ulinzi.

Kwenu hapa hakuna Toi, lakini siku ya soko mitumba huja juu ya pikipiki, na mikopo ya simu hufika kila palipo na mtandao. Na kuna matanga. Tumeona familia ikiuza ng'ombe wa maziwa kulipia tenti na mpiga picha wa video. Hilo ni zito, hatutaki kulisema kwa haraka. Tulijadili mchana baada ya chakula, wazee wakiwepo.

Kwa sasa pokeeni makaratasi haya. Andika vitu ulivyonunua jana, vyote, hata peremende. Asiyejua kuandika amwambie jirani yake amwandikie. La kwetu tutalisoma kwanza.