Haki ya Kujulishwa: Asteroidi na Sisi



Nilipopendekeza mada hii, mchumi mmoja ninayemheshimu sana aliniandikia barua fupi. Nitaieleza hoja yake kwa uaminifu, maana najua wengi humu ukumbini wanaiamini hata kama hawajaitamka. Alisema kuilinda dunia dhidi ya asteroidi ni kazi ya mataifa yenye roketi. Sisi tuna malaria, mafuriko na barabara zisizopitika masika. Uwezekano wa jiwe la angani kumuua mtu wa huku ni mdogo mno, na kumweleza habari hizo ni kumtia hofu bure. Wenye uwezo wafanye yao, akamalizia, nasi tufanye yetu.

Misingi ya somo mnaijua, sitakaa nayo. Asteroidi ni mabaki ya siku zile mfumo wetu wa jua ulipokuwa ukijengeka. Nyingi huzunguka kati ya Mirihi na Mshtarii, na baadhi njia zao huikaribia yetu. Zile za kilomita moja na zaidi zilizo jirani nasi, zaidi ya asilimia 90 zimekwisha kuonekana. Kuanzia mita 140, zaidi ya nusu bado hazijagunduliwa. Zilizo ndogo kuliko hizo ni nyingi mno, na hapo ndipo ubishi wangu na ndugu yangu huyu ulipo.

Nianze na dai kwamba jambo hili ni la wengine. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini ya mtandao wa ATLAS iliyoko Chile iliiona asteroidi iliyopewa jina la 2024 YR4, yenye upana wa mita zipatazo 60. Hesabu zilionyesha kuwa huenda ingeigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032, na katikati ya Februari 2025 uwezekano huo ulifika asilimia 3.1. Jiwe la ukubwa huo linatosha kuuharibu mji. Sasa tazameni ramani ya mahali ambapo lingeweza kuangukia: ukanda ulianza mashariki mwa Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika Kusini, ukavuka Atlantiki, ukalikata bara la Afrika, ukaishia Asia Kusini. Nigeria, Sudan na Ethiopia zilikuwemo. Washington na Paris hazikuwemo. Siku chache baadaye vipimo vipya viliiondoa kabisa hatari hiyo kwa dunia, lakini kwa majuma kadhaa waliokuwa na sababu ya kufuatilia habari ile walikuwa sisi, na redio zetu nyingi zilikuwa na mambo mengine.

Mtu atasema: si unaona, yalikuwa makelele ya bure? Hapana. Uwezekano ulipanda, kisha ukaanguka hadi sifuri, na ndivyo hesabu hizi zinavyotakiwa kwenda. Ufunguo ukipotea katika nyumba ya vyumba kumi, kila chumba kina nafasi moja kati ya kumi. Ukishavipekua vitano bila kuuona, kila kilichobaki kina nafasi moja kati ya vitano, ingawa ufunguo haujasogea hata kidogo. Ukikipekua chumba kinachofuata na haumo, nafasi yake inakuwa sifuri papo hapo. Dunia ni chumba kimojawapo. Mwananchi aliyefundishwa jambo hili hashtuki akisikia asilimia imeongezeka, wala hawaiti wanasayansi waongo ikifutika. Hofu hutoka kwa asiyeelezwa, anayepata habari nusu usiku kupitia ujumbe uliosambazwa na asiyejua.

Hoja ya pili ni kwamba hatuna cha kuchangia. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu nina taarifa moja ambayo nimekuwa nikiisoma tangu ilipochapishwa mwaka 2009, na bado sijaichoka.

Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski, akiwa kwenye darubini ya Mlima Lemmon huko Arizona, aliona nukta ikisogea. Ilikuwa asteroidi ya mita nne hivi, ikapewa jina 2008 TC3. Hesabu zikatoa jibu ambalo halijawahi kutolewa kabla: jiwe hili litaingia angani kwetu katika muda wa saa zipatazo 20, juu ya Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Likaingia. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 7, watu wengine wametoka kusali, na mwanga ukaonekana hadi kwa rubani wa ndege ya abiria aliyekuwa mbali sana, umbali wa kilomita 1,400 hivi. Jiwe lilipasuka likiwa kilomita 37 juu ya ardhi. Wengi walidhani habari imeishia hapo, kwamba kitu dhaifu namna ile kimegeuka vumbi.

Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum hakukubali. Desemba mwaka ule, akiwa na Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI, aliwapakia wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kwenye magari hadi jangwani, karibu na kituo cha reli kiitwacho Kituo cha Sita. Kwanza wakawahoji walioona: wingu lilikaa upande gani, lilipinda vipi. Kisha wakajipanga mstari mmoja mrefu, mtu na mtu wakiachana kwa hatua kadhaa, wakatembea wakitazama chini. Siku ile ile ya kwanza mwanafunzi mmoja akaona kijiwe cheusi juu ya mchanga wa rangi ya hudhurungi, kidogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja. Baadaye vilipatikana vipande vinavyohesabika kwa mamia. Kwa mara ya kwanza katika historia, binadamu alishika mkononi asteroidi aliyoiona ikiwa bado angani. Vipande vilionyesha jiwe lenye vitundu vingi, dhaifu, lililochanganya aina kadhaa za miamba, na maarifa ya namna hiyo yanahitajika sana na yeyote anayefikiria kusukuma asteroidi. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Khartoum kwa miguu yao. Miaka kumi baadaye, Juni 2018, jambo kama hilo likatokea Botswana: 2018 LA iligunduliwa saa nane tu kabla ya kuingia, na vipande vyake vikapatikana Kalahari ya Kati.

Na NASA ilipokigongesha chombo cha DART kwenye asteroidi ndogo Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022, muda wa kijiwe hicho kuizunguka asteroidi mama ukapungua kwa zaidi ya nusu saa, ushahidi wa kwanza kwamba tunaweza kuibadilisha njia ya jiwe la angani. Mwanga wa mgongano ule ulirekodiwa na darubini ndogo za raia wa kawaida waliokuwa Réunion na Kenya, kwa sababu wakati ule sehemu ile ya anga ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi. Nani basi hana cha kuchangia?

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Mbozi, mkoani Songwe, kukiona kimondo kilichopo kwenye kilima cha Marengi. Ni pande la chuma na nikeli lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, limewekwa juu ya kitako cha saruji, na mchana ule lilikuwa limepata moto wa jua hata kiganja hakikuweza kutulia juu yake. Nilikuwa nikieleza vishimo vya uso wake, jinsi hewa ilivyouyeyusha likishuka, mama mmoja wa pale kijijini, aliyekuwa ameketi na karanga zake, akanikatiza. "Mwalimu," akasema, "na lingine likija, nani atatuambia?" Nilimjibu kuhusu darubini za Marekani na Chile. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, akarudia: "Sawa. Lakini sisi wa hapa, nani atatuambia?"

Sijasikia swali bora kuliko hilo katika mkutano wowote wa fani yetu.

Sikilizeni kwa nini nasema hivyo. Nakubali kwamba malaria inaua kila siku na asteroidi haiui, na mtu akiniambia nichukue fedha za vyandarua nijenge roketi, nitakataa. Nakubali pia kwamba jiwe la mita 140 na zaidi linahitaji chombo, miaka ya maandalizi na mataifa mengi. Lakini mawe ya saa 20 na ya saa nane hayasubiri roketi. Ndogo zikishaonekana, kinachobaki ni ujumbe: ufike au usifike. Mengine hayaonekani kabisa. Lile la Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, lilikuwa na upana wa mita 20 hivi na lilitokea upande wa jua, darubini zikapofuka. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama. Mshindo ukafika zaidi ya dakika moja baadaye na kuvipasua vioo. Walioumia ni takriban 1,500, wengi wao kwa vioo hivyo.

Katika shule moja ya mji ule, mwalimu wa darasa la nne aliona mwanga na, bila kujua ni nini, akawaamuru watoto wake 44 waingie chini ya madawati. Hakuna hata mmoja aliyeumia. Yeye mwenyewe alikatwa mkono na kioo. Mimi sihitaji ushahidi mwingine. Amri moja fupi, kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, ilifanya kazi ambayo hakuna mtambo uliokuwepo wa kuifanya. Gharama yake kwa bajeti ya vyandarua ni sifuri.

Ndugu yangu mchumi atasema tukio kama hilo ni nadra. Ni nadra kweli. Moto wa bweni pia ni nadra kwa shule moja moja, na bado tunadai kila bweni liwe na mlango wa dharura.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2029 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Uelewa kuhusu Asteroidi na Ulinzi wa Dunia. Umechaguliwa kwa sababu usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa mita zipatazo 340, itapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka usoni mwa dunia, chini ya zilipo baadhi ya setilaiti zetu za mawasiliano. Haitatugonga, vipimo vya rada vya mwaka 2021 vimeondoa hatari hiyo kwa miaka 100 angalau. Itavuka Bahari ya Hindi, kisha Afrika, na kufika karibu zaidi ikiwa juu ya Atlantiki, saa sita na dakika 46 usiku kwa saa zetu. Mawingu yasipozuia, itaonekana kwa macho matupu, kama nyota ya kawaida inayosogea.

Nawaomba wahusika wa hali ya hewa na kamati za maafa waliomo humu: kabla ya usiku huo, andaeni tangazo la Kiswahili linaloweza kusomwa redioni ndani ya saa moja tangu onyo lipokelewe, na lijaribiwe hadi vijijini. Nanyi walimu, msisubiri mtaala. Wafundisheni watoto juma hili hili: ukiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, usikimbilie dirishani. Ondoka penye vioo, inama chini ya dawati, subiri mshindo upite.