KAMATI ZA BUNGE ZINAFANYA KAZI GANI, NA SISI TUZIPELEKEE NINI?

(Maneno ya Katibu wa Kamati ya Elimu ya Chama mbele ya mkutano wa wanachama, Mabwerebwere. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kamati za Bunge. Sababu mnaijua. Katika mkutano uliopita lilipofika lile jambo la mazao kuliwa na mifugo, wengi walisema, "Mpelekeeni mbunge akaseme Bungeni." Mwenzetu mmoja akajibu kutoka nyuma kwamba huko Bungeni ni kugonga meza tu. Sasa, wote hao walikuwa wanausema ukumbi ule mkubwa tunaousikia redioni. Lakini kazi nyingi ya Bunge haifanyiki mle, inafanyika kwenye vyumba vya kamati, na huko redio haifiki sana.

Wabunge ni zaidi ya 300. Watu 300 hawawezi kukaa pamoja na kuhesabu risiti. Hata sisi hapa kijijini Halmashauri ya Kijiji inagawa kazi: kuna kamati ya fedha na mipango, kuna ya huduma za jamii, kuna ya ulinzi na usalama. Bunge nalo ni hivyo hivyo. Katiba ya nchi, Ibara ya 96, inalipa Bunge ruhusa ya kuunda kamati, na Kanuni za Bunge zinapanga kila kamati itazame nini. Ipo ya bajeti, ipo ya maji na mazingira, zipo za miundombinu na mambo mengine. Majina yanabadilika badilika. Wakati mmoja kilimo kiliwekwa pamoja na mifugo na maji, baadaye kikawekwa na viwanda na biashara. Basi ukiandika barua usihangaike na jina refu, andika "kamati inayoshughulikia kilimo na mifugo", watajua wenyewe.

Hizo ndizo kamati za kudumu. Nyingine ni kamati teule. Hiyo inaundwa kwa jambo moja, ikimaliza inatoa taarifa na kuvunjika. Wengi wetu tunaikumbuka ile ya Dakta Harrison Mwakyembe, iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Iliundwa Novemba 2007, na Februari 2008, taarifa iliposomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Tuanze na sheria. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati inaita watu watoe maoni: wataalamu, vyama, wakulima, mtu yeyote mwenye neno. Hapo ndipo mlango ulipo wazi. Baadaye waziri anarudi nao ukumbini kusomwa mara ya pili, mwenyekiti wa kamati anasoma maoni ya kamati yake, wabunge wanajadili, halafu Bunge lote linageuka Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. (Hii isiwachanganye. Ni wabunge wale wale ukumbini, ila wanakaa kama kamati.) Ukingoja mpaka hapo ndipo uandike barua, umechelewa, bwana. Tena muswada ukija kwa hati ya dharura muda unakuwa mfupi sana, kama ilivyokuwa mwaka 2017 kwa miswada ya mali na maliasili za nchi. Mtu wa kijijini anapata habari mambo yamekwisha. Mimi hilo naliona ni kasoro, nami nalisema wazi.

Jambo la kushukuru ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria. Zamani muswada ulikuwa Kiingereza kitupu, ukiupata unauangalia kama picha.

Sasa fedha. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huyu tunayemwita CAG, yupo kwa Ibara ya 143 ya Katiba. Anakagua, anampa Rais taarifa, Rais anaagiza ipelekwe Bungeni. Ikifika huko inashikwa na kamati za hesabu. Kamati ya Hesabu za Serikali inaangalia wizara na mashirika. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inaangalia halmashauri, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye Afisa Masuuli. Anaweza kuitwa mbele ya kamati na kuulizwa: zahanati hii fedha ilitoka, mbona ukuta umeishia kwenye linta? Hawezi kujibu "tunalifanyia kazi" halafu akaondoka. Anadaiwa vielelezo. Hoja ya ukaguzi haifungwi kwa maneno matamu, inafungwa kwa karatasi.

Mwaka 2014 kamati ya hesabu za serikali, chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, ilisoma taarifa juu ya fedha zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 300. Angalieni, vyama viwili tofauti na taarifa moja. Desemba ya mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na waziri wa ardhi akaondolewa, na Januari 2015 waziri wa nishati naye akajiuzulu. Ukumbini vyama vinazomeana, lakini ndani ya chumba cha kamati, mbele ya karatasi, mara nyingine wanasomeka kama watu wa nyumba moja.

Mtasema hayo ni mambo ya mabenki na umeme. Haya, tuje kwenye mambo ya porini, sisi tulio jirani na Mikumi. Mwaka 2013 ilikuwapo Operesheni Tokomeza ya kuwakamata majangili. Shabaha ilikuwa nzuri, tembo walikuwa wanakwisha. Lakini wananchi walilalamika kwamba wanapigwa, nyumba zinachomwa, ng'ombe wanakamatwa na wengine kuuawa. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, mwenyekiti wake James Lembeli, ilichunguza malalamiko hayo. Taarifa ikasomwa Bungeni Desemba 2013, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao kwa siku moja: wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi na wa Mifugo. Wanne! Na kilichowaangusha ni maelezo ya watu wa vijijini, yaliyoandikwa na kupangwa, ya nani alifanyiwa nini na wapi.

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu. Kamati haina polisi wala haina sanduku la fedha. Inapendekeza, Bunge linaazimia, na Serikali ndiyo inayotekeleza. Hapo katikati jambo linaweza kulala usingizi.

Mfano wake tunao wenyewe hapa Kilosa. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wapo humu ndani waliozika. Miaka ikapita, ugomvi ukazuka tena na tena, hapa kwetu na mikoa mingine. Ndipo Bunge likaunda kamati teule ya kuchambua sera za ardhi, kilimo, mifugo, maji na uwekezaji, mwenyekiti wake Christopher Ole Sendeka, na taarifa yake ikawasilishwa mwaka 2015. Kazi ilifanyika. Lakini nauliza, tangu 2015, nani kati yetu amelala usiku wa kiangazi bila kuwasikilizia ng'ombe kwenye mahindi? Na mfugaji naye anauliza, apite wapi kwenda mtoni? Taarifa nzuri ikikosa mtu wa kuidai kila mwaka inabaki kabatini. Na wa kuidai si Spika, ni sisi na hao wafugaji pamoja. Nasema pamoja makusudi, maana najua wapo wanaonuna nikisema hivyo.

Sasa, tudai kwa kitu gani? Hapa ndipo panaponiuma. Bodi ilipotafuta kumbukumbu za mazao yaliyoliwa msimu uliopita, tulipata maneno mengi na karatasi chache. Huyu anasema ekari mbili, jirani yake anasema ni robo tatu. Tarehe hakuna, bwana shamba hakuitwa kutathmini mpaka mabua yalipokauka. Mwingine alilipwa nyumbani kwa siri akanyamaza. Karatasi ya namna hiyo ikifika mbele ya wajumbe, dakika tano imekwisha kazi yake. Tena zile kamati hukaa kabla ya mkutano wa bajeti unaoanza Aprili, zinapitia makadirio ya wizara na nyingine zinatembelea miradi. Barua nzuri ikifika mwezi wa Juni inakuta meza zimefutwa.

Kwa hiyo Bodi imekubali daftari moja liwekwe ghalani, kwa mtunza ghala. Ndani yake ziandikwe tarehe, jina la shamba, ekari zilizoliwa, zao lilikuwa na umri gani, nani alishuhudia, na bwana shamba alifika lini. Asiyejua kuandika aje na mtoto wa shule, au aniite mimi. Wafugaji wa jirani nao wana ukurasa wao humo humo, waandike palipozibwa njia ya mifugo na ng'ombe waliokatwa mapanga. Viongozi wao wameshaambiwa, na wawili wamekubali kuja.

Barua itaandikwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, kwa ajili ya kamati inayoshughulikia kilimo na mifugo, nakala kwa mbunge wetu na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Tutauliza mambo mawili tu: yale mapendekezo ya 2015 yamefikia wapi kwa upande wa Kilosa, na njia za mifugo kwenda majini zitapimwa lini. Rasimu imebandikwa hapa chini ya maneno haya. Mwenye la kuongeza au kukata aandike pembeni kwa kalamu ya risasi, siyo ya wino, halafu Jumamosi baada ya kupima ufuta tutaisoma kwa sauti kabla ya kutia sahihi.