Mukojo wetu ulipimwa, majibu yarudi kwetu



Leo hatukuja kusema juu ya viti vya wakubwa. Tumekuja kusema juu ya vumbi.

Kila mutu hapa anawajua wale wanaoponda mawe: nyundo mukononi, hakuna maske. Jioni kifua kinabana, na nyumbani tunasema ni baridi ya mwezi wa sita. Lakini watafiti walipima, hapa hapa Lubumbashi. Katika utafiti uliotoka mwaka 2020, walichukua wanaume 48 wanaoponda mawe na madereva wa taksi 50. Kwa waponda mawe, watu 23 kwa 100 kifua kinapiga filimbi. Kwa madereva ni 6 kwa 100. Na mukojo wa waponda mawe ulikuwa na kobalti, nikeli na aseniki nyingi zaidi.

Mwaka huo huo ukatoka utafiti mwingine wa muji wetu. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana na watoto 108 wasio nacho. Pale baba anapofanya kazi ya madini, hatari ilionekana kuwa mara 5 na zaidi. Musiogope bure: vilema hivyo ni vichache, karibu mutoto mumoja kwa 1,000. Lakini tumeelewa kwamba kazi ya baba si jambo la baba peke yake.

Sasa, haya yote yaliandikwa kwa Kingereza. Ni nani kati ya waliotoa mukojo na damu anasoma Kingereza? Na sisi wenye diploma, tusio na kazi, tuliyasoma kwa simu, kiisha tukanyamaza. Tunaomba musamaha.

Tulinyamaza ju tunaogopa kukosa hata kibarua. Mumoja wetu aliomba maske kazini, walimuonyesha mulango. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema juu ya afya na usalama wa mufanyakazi. Lakini mwenye kuponda mawe bila kontra, ataipeleka kwa nani?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila utafiti unaochukua damu au mukojo wetu, majibu yasomwe katika kartie, kwa Kiswahili. Wanaonunua mawe na madini watoe maske, na maji ya kulowesha mawe ili vumbi lipungue. Na serikali ifungue mahali pa kupima kifua bila malipo, hata kwa asiye na kontra.

Na sisi wenyewe tunaanza. Siku ya posho tutaenda wawili wawili Ruashi, Katuba na Kampemba, na karatasi moja ya Kiswahili. Hatuna feza, lakini kusoma tunajua. Basi tusome kwa sauti.

Tuonane siku ya posho.