Usukani Mzito na Usukani Uliolegea

Mazungumzo kwa madereva na wenye pikapu wa Malindi na Kilifi

Wasikilizaji, pikapu katika nchi ya pwani ni gari la kazi zote. Alfajiri huchukua samaki kutoka Ngomeni, mchana hubeba mawe ya kujengea, na jioni huonekana ikirudi Ganze au Marafa imejaa magunia, mbuzi, na watu waliokwenda sokoni. Usukani wa gari kama hilo ukianza kuwa mzito, mwenyewe hukimbilia gereji, naye huambiwa, "Pampu imekufa." Hununua pampu, na baada ya juma moja usukani ni mzito vile vile. Fedha za korosho zimekwenda, na ugonjwa haujaguswa.

Basi yafaa mwenye gari ajue ugonjwa uko wapi kabla ya kutia mkono mfukoni. Tena ajue ni ugonjwa upi uwezao kungoja mwisho wa mwezi, na ni upi usiongoja hata safari moja.

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka mkono ule wa bahari kwa kivuko, na madereva wengi wa magari ya mizigo waliyageuza kwa nguvu za mabega yao tu. Walakini usukani wenye kusaidiwa na mafuta si jambo la jana. Mhandisi Mmarekani, Francis W. Davis, aliuonyesha katika mwaka 1926, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motakaa zenye usukani wa namna hiyo.

Kazi yake ni hivi. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu nyingi, yakapita katika mpira mnene mpaka sanduku la usukani. Dereva azungushapo usukani, kilango kidogo ndani ya sanduku hufunguka, mafuta yakaingia upande mmoja na kusaidia kuyageuza magurudumu, kisha hurudi katika kikopo chake. Lakini angalieni sana jambo hili: kutoka mikononi mwa dereva mpaka magurudumuni kuna chuma kilichoungana. Mafuta yakimwagika yote, au injini ikizimika njiani, gari bado hugeuka, ila kwa nguvu nyingi. Dereva asiyefadhaika aweza kulifikisha pembeni ya barabara, mradi asiuchomoe ufunguo, maana ufunguo ukitoka usukani hujifunga. Viungo vya chuma vikiachana, hakuna mabega yatakayosaidia. Kwa hiyo usukani mzito ni taabu, bali usukani uliolegea ni hatari ya mauti.

Uchunguzi huanzia chini, kwenye matairi, nayo ndiyo sehemu ambayo watu huidharau. Tairi la mbele lenye upepo mdogo hulala barabarani na kukataa kugeuka. Wako pia wanaotia matairi mapana kuliko yale ya kiwandani kwa sababu yanapendeza macho, kisha wakashangaa kwamba gari limekuwa gumu. Pimeni upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi.

Kisha fungueni boneti mtazame kikopo cha mafuta ya usukani. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Mafuta yakiwa chini ya alama, pampu huvuta hewa, na hapo ndipo usikiapo gari likiguna kila linapokata kona. Rangi nayo husema. Pikapu nyingi hutumia mafuta mekundu yatumiwayo pia katika gia za otomatiki. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, yamechakaa. Yakiwa na povu, yameingia hewa. Yakiwa meupe kama tui, yameingia maji. Someni kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari mjue aina inayotakiwa. Na kamwe msitie mafuta ya breki humo, hata kama duka la karibu halina mengine. Mafuta ya breki huharibu mipira ya kuzuia kuvuja, na kikopo kimoja cha bei nafuu chaweza kuua pampu na sanduku pamoja.

Kikopo kisipungue bure: mafuta yakipungua, yanatoka mahali. Hewa ya chumvi hula mabomba ya chuma, na magari yafanyayo kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni yanajua habari hiyo kuliko mengine. Tandikeni katoni safi chini ya gari usiku. Asubuhi doa litaonyesha mahali pa kutazama. Injini ikinguruma, mtu asipapase mpira kwa vidole akitafuta tundu. Mafuta yatokayo kwa nguvu hiyo katika tundu dogo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali siku ile ile. Tena mafuta yakidondokea bomba la moshi lenye moto yaweza kuwaka.

Sasa mkanda. Ukilegea, hulia kwa sauti kali dereva azungushapo usukani mpaka mwisho, au baada ya gari kupita katika maji ya mvua. Mkanda wenye nyufa au unaong'aa kama kioo ubadilishwe. Huo ni wa bei ndogo kuliko pampu, na mara nyingi ndio mkosaji. Ikiwa usukani ni mzito gari linaposimama, na ukawa mwepesi dereva akikanyaga mafuta, shaka ni juu ya mkanda au pampu iliyochoka. Ikiwa ni mzito upande wa kulia tu, na upande wa kushoto ni mwepesi, pampu haina kosa, kwa kuwa pampu haichagui upande. Shaka ni juu ya kilango kilichomo katika sanduku la usukani. Maneno haya mawili pekee yangewaokolea wengi gharama za pampu mpya. Jambo jingine: dereva asiushikilie usukani mwisho kabisa kwa zaidi ya sekunde tano, maana mafuta huchemka na pampu huumia.

Hayo yote yakiwa sawa na usukani ungali mzito, egesheni gari mahali tambarare, mzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, mlinyanyue mbele kwa jeki na kulitegemeza juu ya vigingi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefungua usukani, zungusheni kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Ukikwama mahali fulani, ugonjwa ni wa chuma: kiungo kilichoingia kutu au boljointi iliyokauka.

Gari likingali juu, shikeni gurudumu la mbele kwa mikono miwili, kushoto na kulia, mlitikise. Likicheza, na mwenzenu akaona tairodi ikiruka kwenye kiungo chake, gari hilo lisitoke. Lishikeni tena juu na chini. Likicheza hivyo, ni beringi au boljointi. Dalili ya maradhi haya barabarani si uzito hata kidogo. Dereva huzungusha usukani kidogo na gari halisikii, kisha likasikia ghafula. Au linatangatanga kama mlevi kati ya mistari. Wengi huyavumilia kwa sababu mkono hauchoki. Mtu aliyepishana na basi karibu na Vipingo, nyuma amebeba akina mama kumi, hana nafasi ya kusubiri gari lisikie.

Hapa pana udanganyifu mmoja. Mizigo ikirundikwa nyuma kupita kiasi, hasa nyuma ya ekseli, mbele ya pikapu hunyanyuka na usukani huwa mwepesi sana. Dereva hufurahi, akidhani gari limepona. Kumbe matairi ya mbele hayashiki barabara. Mawe yapunguzwe na kusogezwa mbele, ndipo usukani uhukumiwe.

Mpira au pampu ikibadilishwa, hewa lazima itolewe. Gari likiwa limenyanyuliwa na injini imezimwa, kikopo hujazwa, usukani huzungushwa polepole huku na huku mara nyingi, na mafuta huongezwa kila yanaposhuka, mpaka mapovu yakome. Ndipo injini iwashwe. Fundi aharakishaye kazi hii humrudishia mwenyewe gari linaloguna, kisha huilaumu pampu mpya. Mwenye gari na adai kuonyeshwa kifaa cha zamani kilichotolewa, na kesho yake asubuhi, kabla ya kupakia cho chote, akitazame kikopo kwa mara nyingine.