Taya Lililopungua Mfupa: Njia za Kurudisha Meno

Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano na wakazi wa Kigera



Mimi si tabibu. Wajibu wangu ni kuwafikishia taarifa za huduma kwa lugha inayoeleweka, ili atakayeketi mbele ya daktari ajue la kuuliza.

Jino likishatoka, mfupa uliolishika hukosa kazi na kuanza kusinyaa, hasa katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana aliyeng'olewa meno zamani huona mashavu yakibonyea, na meno bandia yakicheza anapotafuna. Ugonjwa wa fizi, ajali za bodaboda na upasuaji wa uvimbe wa taya nao huondoa mfupa.

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoingizwa katika mfupa ili ibebe jino. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kuwa mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wake wa kwanza.

Wengi wakiambiwa mfupa hautoshi hukata tamaa. Hata hivyo, njia zipo. Ya kwanza ni kupandikiza mfupa, uliotolewa kidevuni au nyongani mwa mgonjwa mwenyewe, kisha kungoja miezi kadhaa ushike. Ya pili ni kuinua utando wa uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu, ili mfupa uongezwe chini yake. Ya tatu ni vipandikizi vifupi. Au, taya la juu likiwa limeisha kabisa, virefu vinavyokita kwenye mfupa wa shavu, kazi inayotaka bingwa. Ya nne ni vipandikizi viwili tu vya taya la chini, vinavyoshikilia meno bandia ya kuvua. Hii hugharimu kidogo kuliko kupandikiza kila jino. Asiyemudu hizo asidharau meno bandia ya kawaida yaliyopimwa upya vizuri.

Mwenye kisukari, mvutaji sigara, aliyepigwa mionzi ya saratani au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa amweleze daktari mapema, kwani hayo huathiri uponaji.

Anzeni kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa Musoma. Ikibidi, daktari atatoa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Ulizeni: mfupa umebaki kiasi gani? Gharama yote ni ipi, na bima italipa nini? Matibabu yatachukua miezi mingapi? Nani atanifuatilia nikirudi nyumbani? Ng'ombe asiuzwe kabla ya picha ya mionzi na gharama iliyoandikwa.

Mwisho, tusikimbilie kung'oa. Jino linaloweza kuzibwa na lizibwe, kwa kuwa hulinda mfupa wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.